Ndugu Mhariri, mbayuwayu wa Japani alikuwa anakimbia kabla ya 1964

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na si mtu wa kuandikaandika barua, ila makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu treni za Japani imenishinda kuinyamazia. Imeandikwa vizuri, sina ugomvi na lugha yake, ila pale mwandishi aliposema treni za kasi za Japani zilianza Oktoba 1964 halafu akaruka moja kwa moja mpaka kwenye treni za sumaku, hapo nikaweka gazeti chini nikasema hapana, hapa kuna watu wamerukwa. Shinkansen ya 1964 haikudondoka kutoka mbinguni bana. Kabla yake kuna zaidi ya miaka 50 ya treni ambazo wenyewe wanaziita tokkyu, yaani ekspresi zinazosimama stesheni chache tu na ambazo ukizipanda unalipa nauli ya safari halafu unalipia na hiyo kasi yenyewe juu yake. Na kati ya hizo tokkyu kuna moja inaitwa Tsubame, maana yake mbayuwayu, ambayo ukifuata habari zake toka mwanzo hadi leo umeshaijua reli ya Japani karibu yote.

Niseme kwanza nilivyoingia kwenye hizi habari, msije mkasema najifanya mjuaji. Mwaka 2006 nilikuwa Fukuoka, kule kisiwa cha Kyushu, kwa mafunzo ya miezi kadhaa, na wikiendi moja nikaamua kwenda Kagoshima huko kusini kabisa. Nikafika stesheni ya Hakata, mashine ikanipa tiketi, nikaingia kwenye treni moja ya kijivu kilichokoza imeandikwa Relay Tsubame, siti safi, nikajiachia. Tumetoka kidogo tu kondakta akaingia, akavua kofia, akaliinamia behewa zima kama mtu aliyefika ukweni, ndo akaanza kukagua tiketi. Yangu akaigeuza, akaitazama tena, halafu akanitazama mimi. Kumbe nimelipa nauli tupu, ile ya kukutoa hapa kukufikisha pale, ya tokkyu sijalipa! Tiketi huko ni mbili na mimi nilikuwa sina habari. Moyo ukaanza kunidunda nikajua leo nashushwa njiani, yeye akatoa kimashine kidogo, akapiga hesabu, nikalipa kilichopungua, akanipa karatasi yangu, akainama tena akaenda zake.

Mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameishuhudia aibu yote. Kiingereza chake na Kijapani changu vilikuwa sawasawa, sifuri kwa sifuri, kwa hiyo akaongea kwa mikono. Akatandaza mikono miwili kama mabawa akasema "Tsubame", nikaitikia. Halafu akanyoosha mkono mmoja akauchezesha taratibu kama nyoka anavyotambaa, akasema neno sikulishika, akacheka peke yake mpaka machozi. Nikacheka na mimi kwa adabu tu, sijui nacheka nini, manake mbayuwayu na nyoka wapi na wapi.

Tukafika stesheni inaitwa Shin-Yatsushiro. Mlango ukafunguka, na ng'ambo ya platifomu hiyohiyo, hatua chache tu, imesimama shinkansen nyeupe ina mstari mwekundu, nayo imeandikwa Tsubame. Hakuna kupanda ngazi, hakuna kuulizana, ni dakika tatu tu na watu wakahama kutoka hii kuingia ile kama maji unavyoyamimina toka ndoo moja kwenda nyingine, kila mtu anajua behewa lake. Kule ndani siti zina mbao, na pale pa kunawia mikono wametundika pazia la kamba zilizosokotwa kwa igusa, ile nyasi wanayofumia mikeka ya tatami, ambayo inalimwa kwa wingi hukohuko Yatsushiro. Nikakaa nikawaza, treni mbili tofauti kabisa, moja ya reli ya kawaida na nyingine shinkansen, jina moja, kwa nini? Hilo swali ndo limenisomesha miaka yote hii.

Sasa turudi nyuma. Tokkyu ya kwanza ya Japani ilianza Juni 1912, inatoka Shimbashi pale Tokyo inakwenda Shimonoseki, mwisho wa kisiwa cha Honshu, ambako mtu alikuwa anavuka kwa meli kwenda Korea na akitaka anaendelea kwa reli mpaka Ulaya. Ilikuwa na daraja la kwanza na la pili tu, wa daraja la tatu waliishia kuitazama ikipita. Hata jina haikuwa nalo. Mwaka 1929 Wizara ya Reli ikawaambia wananchi waleteni majina, yakachukuliwa Fuji na Sakura, Fuji ya wakubwa na Sakura ya daraja la tatu. Jina Tsubame nalo lilipendwa sana kwenye hizo kura ila likabaki pembeni kwa muda.

Halikukaa pembeni sana. Tarehe 1 Oktoba 1930 saa tatu kamili asubuhi Tsubame ikaondoka Tokyo, saa kumi na moja na dakika 20 jioni iko Osaka, saa kumi na mbili kamili iko Kobe. Safari ya saa 8 na dakika 20 mpaka Osaka, na Fuji yenyewe ilikuwa inachukua zaidi ya saa mbili juu ya hapo. Watu wakaiita cho-tokkyu, yaani tokkyu iliyozipita tokkyu. Na hapa ndo nataka mwandishi wenu akae chini asikilize vizuri, kwa sababu hiyo kasi haikuja kwa mashine mpya. Reli ilikuwa ileile nyembamba ya milimita 1,067, vichwa ni vilevile vya mvuke vya kusukumia makaa ya mawe, yaani hakuna kipya, walichofanya ni kukaa na ratiba na kuuliza dakika zinapotelea wapi.

Wakakuta zinapotelea kwenye maji. Kichwa cha mvuke kina kiu, kila baada ya mwendo fulani lazima kisimame kinywe. Basi wakakiunganishia nyuma yake behewa la tangi la maji ili kitoke Tokyo mpaka Nagoya bila kusimama kunywa. Sawa, kichwa kimeshiba, je dereva? Dereva na mpiga makaa nao wanachoka, na kubadilishana zamu ni dakika zinakwenda. Wakasema watabadilishana treni ikiwa mwendoni. Hebu ione hiyo picha Mhariri: watu wa zamu ya pili wamekaa behewa la mbele kama abiria, wakati wao ukifika wanatoka nje, wanapita kwenye kinjia chembamba ubavuni mwa lile tangi, mikono imeshika chuma, moshi machoni, upepo huo, chini reli zinakimbia, wanaingia kwenye kichwa, na wale waliochoka weusi kwa makaa wanarudi kwa njia hiyohiyo. Wakati huohuo nyuma kabisa ya treni kuna behewa la kutazamia mandhari lina kibaraza cha wazi, mabwana wa daraja la kwanza wamekaa wanapunga upepo. Mimi hiyo picha siimalizi.

Halafu kuna mlima. Zamani njia ilikuwa inazunguka Hakone kupitia Gotemba, kipando kikali cha mita 25 kwa kila mita 1,000, kichwa kimoja hakitoshi. Kwa hiyo treni inafika Kozu, inasimama sekunde 30, nimesema sekunde si dakika, kichwa cha kusaidia kinafungwa nyuma, wanasukumana mpaka juu Gotemba, na kule juu kile cha kusaidia kinaachiwa treni ikiwa inaendelea na safari, haisimami hata kidogo. Sekunde 30! Kuna siku mimi nimetafuta funguo za nyumba mfukoni kwa muda mrefu kuliko huo.

Michezo ya tangi na kupita nje haikudumu, miaka michache tu wakaiacha wakaweka kituo Shizuoka. Na mlima nao ukatobolewa. Handaki la Tanna, kilomita 7.8, lilianza kuchimbwa 1918 likafunguliwa Desemba 1934, miaka 16, maji yakiwafurikia mle ndani na udongo ukiwaangukia, wakafa watu 67. Tsubame ikaanza kufika Osaka kwa saa 8 kamili. Ukitazama kwa jicho la Tsubame peke yake ni dakika 20 zimepatikana. Wanaposifia wakati wa Wajapani huwa hawazitaji hizo roho 67, na mwandishi wenu naye hakuzitaja.

Vita ikaja. Reli ikawa ya askari na mizigo, Tsubame ikaondolewa 1943, mwaka uliofuata hamna tena behewa la kulia chakula wala la kulala wala daraja la kwanza. Hapo niseme tu kwamba jina lingeweza kufia hapo na hakuna ambaye angeshangaa.

Septemba 1949, miaka minne baada ya vita, Shirika la Reli la Taifa lina miezi mitatu tu toka liundwe, ndo tokkyu ya kwanza ikarudi kati ya Tokyo na Osaka, safari ya saa 9, wakaipa jina Heiwa, yaani Amani. Jina zuri, nani atakataa amani? Lakini siku ya mwaka mpya 1950 likabadilishwa, treni ikawa Tsubame tena. Mwaka huohuo ikapata dada yake Hato, njiwa, na wasichana wahudumu wakaajiriwa, na timu ya besiboli ya watu wa reli nayo ikaanzishwa ikaitwa Swallows kwa ajili ya hiyohiyo treni. Timu ipo hadi leo, ndo hao Yakult Swallows wa Tokyo, wamebadilisha wenye mali lakini ndege kabaki. Mabasi ya JR, kampuni zilizorithi hilo shirika la reli, nayo yanatembea na mchoro wa mbayuwayu ubavuni mpaka kesho.

Kitu kimoja nakipenda cha hiyo miaka ya hamsini: siti za daraja la tatu zilikuwa zimefungwa zote zinatazama mbele, hazigeuki, na lile behewa la kibaraza lazima liwe mkiani. Sasa treni ikifika mwisho wa safari inabidi irudi, utafanyaje? Ungedhani watabadilisha siti. Hapana, waligeuza treni nzima, mabehewa yote, wanaipeleka kwenye reli zilizokaa pembetatu wanaizungusha mpaka uso utazame ilikotoka. Kila siku. Kwa ajili tu abiria wa daraja la tatu asikae kinyumenyume. Wengine watasema upuuzi, mimi nasema hiyo ni heshima.

Novemba 1956 njia yote ya Tokaido, Tokyo mpaka Kobe, ikamalizika kuwekewa umeme. Hamna moshi tena, kwa hiyo hamna haja ya rangi ya kuficha masizi, wakaipaka Tsubame kijani laini toka kichwa mpaka mkia, ikawa inafika Osaka kwa saa 7 na nusu. Na watu wakaipa jina la utani Aodaisho. Aodaisho ni nyoka, yule mrefu wa kijani asiye na sumu anayekula panya mashambani. Nilipolisoma hilo neno nilicheka usiku peke yangu, miaka mingi imepita, nikaelewa mkono wa yule mzee ulikuwa unasema nini. Alikuwa ameiona! Kijana wa miaka ya hamsini amesimama mahali anaitazama ikipita, kijani ndefu, inakunja kona.

Sasa Mhariri tufike kwenye kiini cha ugomvi wangu. Tarehe 1 Novemba 1958 ikaanza tokkyu nyingine kwenye njia hiyohiyo, Kodama, mwangwi, kwa sababu sauti inakwenda na kurudi: unatoka Tokyo asubuhi, unafika Osaka unapata saa mbili hivi za kufanya shughuli, usiku umerudi kwako. Safari ya saa 6 na dakika 50. Lakini la maana si saa, la maana ni kwamba Kodama haikuwa na kichwa kinachovuta. Mota ziligawanywa chini ya mabehewa yenyewe. Mpaka hapo mabwana wengi wa reli waliamini treni za namna hiyo ni za watu wa kwenda kazini asubuhi, zinatikisika, zinapiga kelele, huwezi kumweka mheshimiwa humo kwa muda wa saa saba. Kodama ikaja na springi za hewa, na kiyoyozi, na madirisha yasiyofunguka, na pua ya mviringo imechomoza mbele, na ikatulia. Julai 1959 wakachukua treni ya aina hiyohiyo wakaipeleka majaribioni ikafika kilomita 163 kwa saa, kwenye reli nyembamba ya milimita 1,067!

Kwa nini mota zigawanywe? Kichwa kimoja kizito kinaikandamiza reli pale kilipo, na ardhi ya Japani nyingi ni laini, ukitaka kasi zaidi unahitaji kichwa kizito zaidi na reli inazidi kuumia. Ukigawa uzito chini ya treni nzima kila gurudumu linasukuma kidogokidogo, na ukifika mwisho huna haja ya kubadili kichwa, dereva anatembea tu kwenda upande wa pili. Hilo wazo ndo shinkansen yenyewe. Treni ya 1964 ilikuwa ni wazo la Kodama limewekwa kwenye reli pana ya milimita 1,435, mota kila ekseli, na njia yake peke yake isiyokatishwa na barabara.

Na aliyelisukuma hilo wazo ni injinia Hideo Shima, ambaye habari yake ingetosha ukurasa mzima kwenye gazeti lenu. Alianza kazi Wizara ya Reli 1925, akashiriki kubuni kichwa cha mvuke cha C53, na C53 ndo walikuwa wanaivuta Tsubame ya 1930 kutoka Nagoya kwenda Kobe. Umeona sasa? Mtu yuleyule. Baba yake, Yasujiro Shima, naye alikuwa injinia wa reli, alipigania sana Japani ihamie reli pana akashindwa. Hideo aliacha kazi 1951 baada ya treni ya umeme kushika moto Sakuragicho, Yokohama, watu zaidi ya 100 wakafia ndani, akaondoka. Mwaka 1955 rais mpya wa shirika, mzee Shinji Sogo, akamrudisha awe injinia mkuu, wakaanza safari ya shinkansen. Gharama zikapanda kupita zilivyotajwa, mwaka 1963 Sogo akaondoka na Shima akamfuata, na siku ya uzinduzi Oktoba 1964, pale platifomu ya Tokyo watu wanakata utepe, wao wawili hawakualikwa. Makala yenu imetaja utepe. Wao haikuwataja.

Turudi kwa ndege wetu. Juni 1960 Tsubame nayo ikaachana na kichwa, ikapewa treni za aina ya Kodama, ikaimeza na Hato humohumo, Tokyo mpaka Osaka saa 6 na nusu, na kile kibaraza cha nyuma cha kupungia upepo kikaisha, badala yake likaja behewa la mbele lenye madirisha makubwa mno. Nyoka wa kijani aliishi miaka mitatu na nusu tu. 1962 ikasogezwa mpaka Hiroshima. Halafu 1 Oktoba 1964, miaka 34 kamili toka siku ile ya kwanza, shinkansen inafunguliwa, treni yake Hikari inafika Osaka kwa saa 4, na Tsubame inaondolewa Tokyo isirudi tena. Ikapelekwa magharibi, kuanzia Shin-Osaka kwenda Hakata, iwe inawapokea waliotoka na shinkansen.

Huko nako kulikuwa na kichekesho. Treni yake ilikuwa ya umeme wa moja kwa moja wa volti 1,500, na Kyushu umeme wa reli ni wa kubadilika wa volti 20,000. Ikivuka kuingia Kyushu treni nzima inakuwa imekufa, kwa hiyo walikuwa wanaifungia kichwa cha umeme mbele kinaiburuza, na katikati yao behewa la kuizalishia umeme wa taa na kiyoyozi. Fikiria bingwa wa zamani anaburuzwa kama gari lililoharibika. Mwaka uliofuata zikaja treni za kuweza umeme wa aina zote mbili, aibu ikaisha. Lakini shinkansen ilikuwa inaifuata nyuma: 1972 ikafika Okayama, Tsubame ikarudishwa nyuma kuanzia Okayama, na 10 Machi 1975 shinkansen ilipofika Hakata hapakuwa tena na pa kusogea. Jina likafutwa.

Miaka 17 hakuna Tsubame. Shirika la taifa likavunjwa 1987 zikazaliwa kampuni za JR, na Julai 1992 JR Kyushu wakalifufua jina kwa tokkyu ya Hakata kwenda Nishi-Kagoshima, treni za series 787 zilizobuniwa na Eiji Mitooka, zile za kijivu kilichokoza, ndani zina sehemu za mizigo zenye vifuniko kama za kwenye ndege ya abiria na behewa la bufe lenye dari la kuba. Mbayuwayu huwa anarudi kwenye kiota chake msimu ukifika, sasa huyu alirudi ila kiota kilikuwa kimehamia mbali sana na Tokyo. Machi 2004 kipande cha kusini cha shinkansen ya Kyushu kikafunguliwa, Shin-Yatsushiro mpaka Kagoshima-Chuo, wakaanza na kusini kwa sababu huko ndo njia ya zamani ilikuwa mbovu na ya kona kona, ndo likaja lile zoezi la dakika tatu nililolipitia mimi. Tarehe 12 Machi 2011 njia yote ikakamilika mpaka Hakata. Tazama hiyo tarehe. Tetemeko na tsunami vilipiga mashariki jana yake, tarehe 11. Sherehe zote zikafutwa, treni zikaondoka kimyakimya, na Relay Tsubame ikawa imeisha kazi. Ule mtindo wa kuvuka platifomu haukufa lakini, toka 2022 wanaufanya stesheni ya Takeo-Onsen kwa wanaokwenda Nagasaki, na baadhi ya treni zinazopokezana pale ni hizohizo 787 za kijivu.

Na leo Tsubame ikoje? Leo kwenye shinkansen ya Kyushu kuna Mizuho, inayokimbia kuliko zote, kuna Sakura, halafu kuna Tsubame, inayosimama kila stesheni. Ile cho-tokkyu ya kubadilisha madereva mwendoni kwa kuogopa kusimama, sasa inasimama kila mahali. Na Kodama ndo hivyohivyo, iliyokuwa kiboko ya 1958 leo kwenye njia ya Tokaido ndo inayosimama kila kituo, inajiweka pembeni wenzake wapite. Watu wa treni huwa wanabishana, wengine wanasema ni kushushwa cheo, jina kubwa kama hilo limedhalilishwa. Mimi siko upande huo. Bibi wa kijiji cha Kyushu anayeteremka stesheni ndogo ambayo Mizuho haiitazami hata, yeye Tsubame ndo treni yake, na jina analolisoma ubavuni ni lile babu yake alilisikia. Ila nakubali ukiwa mtu wa ratiba inauma kidogo.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, mkirudia hiyo mada msianzie 1964. Anzieni hata 1930, na mwambieni mwandishi asichukue kila anachokuta mtandaoni, za kuambiwa achanganye na zake.

Halafu ile picha ya kwenye makala yenu. Maelezo ya chini yanasema "Hikari siku ya uzinduzi, 1964". Ile si Hikari ya 1964. Ya 1964 ilikuwa na pua fupi ya duara, kama ya ndege ya abiria ya zamani. Hiyo mliyoweka yenye mdomo mrefu wa mita 15 ni series 500, imeanza kazi Machi 1997 kwa jina la Nozomi, kilomita 300 kwa saa, mabehewa 16, hakuna aliyekuwa anaigusa kipindi hicho. Baadaye wakaikata ikabaki na mabehewa 8, ikapewa kazi ya kusimama kila stesheni kati ya Shin-Osaka na Hakata, na jina waliloiandikia ubaoni ni Kodama. Naomba mrekebishe.

Wenu msomaji,
abiria wa zamani wa Relay Tsubame